Pazia Likigombana na Ngoma: Njia Nne za Kuamua Ugomvi wa Nyuma ya Jukwaa Shuleni

Pazia lilifungwa katikati ya ngoma ya sindimba. Wachezaji wawili walibaki nje, upande wa watazamaji, viuno bado vinazunguka; wenzao kumi wakawa ndani, gizani, na ngoma zinaendelea kulia kama hakuna lililotokea. Mgeni rasmi akadhani ndiyo mwisho, akapiga makofi. Huku nyuma, kijana aliyeshika kamba ya pazia alikuwa anatetemeka. "Mwalimu, wao ndio wamepuliza filimbi! Si ulisema filimbi ikilia tufunge?"

Nilisema kweli. Na kiongozi wa ngoma naye nilimwambia apulize filimbi yake kama kawaida, maana katika ngoma zetu filimbi ndiyo inayowaambia wachezaji kwamba mtindo unabadilika. Nilizipa pande mbili ishara moja. Lakini kabla sijafungua mdomo kukiri, fundi wa taa alikwishamwita mpiga ngoma mshamba, na mpiga ngoma alikwishamjibu kwamba kuwasha na kuzima taa hata mlinzi wa geti anaweza. Hapo filimbi ikawa haimo tena kwenye ugomvi.

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara, ndani ya bwalo la chakula lililogeuzwa ukumbi. Tangu siku hiyo nimelea klabu za sanaa katika shule zaidi ya moja, na ugomvi wa namna ile nimeukuta kila mahali: mafundi upande huu (wa pazia, taa, spika, maiki, meza na mandhari), wapigaji upande ule (ngoma, marimba, kinanda, gita, kwaya). Walimu wenzangu huniuliza nifanyeje: niamue mwenyewe, niwaweke kikao, niandike sheria, au niwabadilishane kazi waonje? Nimejaribu zote nne. Nitaziweka hapa zikae pamoja, kila mmoja achague inayomfaa.

Kwanza: wanagombania nini hasa?

Usichague njia kabla hujalijua hili. Kuna ugomvi wa kitu na kuna ugomvi wa heshima, na dawa zake hazifanani.

Ugomvi wa kitu unaoongoza kwetu ni moto. Ngoma nyingi za kusini ngozi yake imewambwa kwa vigingi vya mti. Hazina skrubu ya kukazia. Hewa ya pwani ina unyevu, ngozi inalegea, ngoma inatoa sauti ya debe lililolowa. Dawa ni kuiotesha moto wa makuti au nyasi kavu. Sasa hotuba ya mgeni rasmi ikirefuka kwa nusu saa, ngoma iliyokwisha kupashwa inalegea tena, kwa hiyo wapigaji wanataka moto uwe karibu kabisa na mlango wa nyuma. Mafundi nao pazia lao ni mashuka na kanga zilizoshonwa pamoja na kuning'inizwa kwenye kamba, na Septemba upepo wa kusi bado unavuma. Cheche moja inatosha. Nani ana makosa hapo? Hakuna.

Cha pili ni umeme. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 230 inabeba takriban wati 3,000. Taa nne za halojeni za wati 500 zimeshakula 2,000. Anakuja mpiga kinanda anachomeka chake, wa gita anachomeka amplifaya, mpishi naye kaleta birika la chai, wote kwenye ekstensheni moja iliyokunjwakunjwa chini ya zulia. Umeme ukikatika kila mtu anamtazama fundi wa taa.

Vingine ni vidogo lakini vinachoma: nani apite mlango gani, nani ajaribu sauti saa ngapi, vile vinganga, ngoma ndogo za kuchomeka mguu ardhini, vikae wapi wakati bwalo lina sakafu ya saruji.

Ugomvi wa heshima una uso mwingine. Onyesho likiisha mshereheshaji anawaita waigizaji, wachezaji, wapigaji, wanainama wanashangiliwa. Aliyevuta pazia haitwi. Wapigaji wanakwenda kula pilau na wageni. Mafundi wanabaki wanakunja waya, na wakifika jikoni wanakuta ukoko. Mwaka mzima wa ukoko huo ndio unaomfanya kijana mpole amwite mwenzake mshamba kwa sababu ya filimbi.

Mimi huwauliza swali moja: "Hiki mnachokigombania nikikiondoa sasa hivi, mtaendelea kununiana?" Wakitazamana na kusema hapana, ni kitu. Wakikaa kimya, ni heshima.

Vipimo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: muda inaochukua, kusikika (nani anapata kusema na nani anamezwa), kudumu kwake, na mzigo unaomwangukia mlezi. Mwisho nitasema inamfaa nani.

Fimbo siiingizi kwenye ulinganisho huu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 zinairuhusu kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Mtoto aliyefunga pazia kwa ishara uliyompa mwenyewe hana kosa la kuandikwa kitabuni.

Njia ya kwanza: mlezi aamue papo hapo

Unasimama katikati, unasikiliza sentensi mbili kutoka kila upande, unasema: moto uhame kule, kinanda kichomekwe hapa, tuendelee.

Muda. Dakika mbili au tatu. Hakuna njia nyingine inayoikaribia.

Kusikika. Ni kudogo. Anayesikika ni aliyekufikia kwanza, au mwenye sauti kubwa, au mwenye ulimi mwepesi. Na kuna jambo ambalo walimu hatupendi kulitaja: karibu kila mlezi ana upande wake. Mimi nimetokea kwaya. Kwa miaka miwili nilidhani ninaamua kwa haki, mpaka binti mmoja wa kidato cha tatu, fundi wa maiki, aliponiambia kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani, wewe ni wa kwaya." Nikarudi nyumbani nikahesabu. Katika maamuzi niliyoweza kuyakumbuka, wapigaji walishinda karibu yote.

Kudumu. Usiku huo tu. Ukiwa ugomvi wa kitu, usiku huo huenda ndio wote unaouhitaji. Ukiwa wa heshima, umefunika chungu wakati moto bado unawaka chini.

Mzigo. Wote ni wako, na unakua, maana watoto wakizoea kwamba mwalimu huamua, kesho watakuletea hata nani kakalia kiti cha nani.

Kuna namna ya kuipunguzia makali. Katika kumbi kubwa za London na New York, onyesho likishaanza kuna mtu mmoja, msimamizi wa jukwaa, ambaye ishara zote za taa, pazia na mandhari hutoka kwake. Hata mwongozaji aliyeliumba onyesho hilo hapo hana amri tena, kazi yake imekwisha kwenye mazoezi. Unaweza kumteua mwanafunzi kwa kazi hiyo, asiwe fundi wala mpigaji, na ukatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia pazia la kwanza hadi la mwisho neno lake ni neno lako. Nilipofanya hivyo nilimteua dada mmoja aliyekuwa katibu wa klabu ya mdahalo, hana wimbo wala waya. Aliamua mambo matatu usiku mzima, na hakuna aliyelalamika. Nilimwonea wivu kidogo.

Inamfaa nani. Mlezi anayeaminiwa na pande zote, au mwenye dakika kumi mkononi. Pia ugomvi wenye hatari ndani yake: moto karibu na pazia, waya ulioloa. Hapo huulizi maoni, unahamisha.

Njia ya pili: kikao cha pande mbili

Hii ndiyo tunayoipenda kwa maneno. Mnakaa chini ya mwembe, kila upande unasema yake, mtu wa kati anasikiliza, mnaondoka mmepeana mikono. Ikifanikiwa ni nzuri sana. Ikishindikana inawaacha wabaya kuliko ilivyowakuta, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Muda. Saa moja, au moja na nusu. Chini ya hapo ni maigizo. Na kwa shule ya kutwa saa moja si kitu kidogo: jua la hapa linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na wako wanafunzi wanaotembea mwendo mrefu kurudi nyumbani. Msimu wa korosho ukishaanza, Oktoba hivi, wengine wanahitajika shambani. Kikao kikianza saa kumi jioni, jiulize nani atakuwa anaangalia jua badala ya kusikiliza.

Kusikika. Inategemea mwenye kiti. Kikiachwa kijiendeshe, watasema wanne walewale: kiongozi wa ngoma, solo wa kwaya, fundi mitambo mkuu na kaka mkuu ambaye hata hahusiki. Kidato cha kwanza anayeshika kamba ya pazia hatafungua kinywa, na wasichana wengi watasubiri wavulana wamalize, ambao hawamalizi. Nimeona mambo mawili yakisaidia. La kwanza ni kuwaketisha wakiwa wamechanganyika, fundi, mpigaji, fundi, mpigaji, ili asiwepo mtu wa kumkonyeza mwenzake. La pili ni kumtaka kila mmoja aanze kwa kusema shida ya upande wa pili kabla ya yake. Mpiga ngoma aeleze kwa nini fundi anaogopa moto; fundi aeleze kwa nini ngoma isiyopashwa ni aibu. Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya tatu hawacheki.

Mwenye kiti asiwe mlezi mwenye upande. Anaweza kuwa mwalimu wa somo jingine, au mzee wa ngoma aliyekuja kufundisha. Tulipata mzee mmoja aliyesikiliza malalamiko yote ya moto, kisha akasema, "Wajukuu zangu, sisi ngoma tulikuwa tunapiga nje, pazia letu lilikuwa giza. Nyie mna pazia la nguo. Basi moto uwe na mtu wa kuulinda, kama tulivyokuwa tunalinda ndege shambani." Wazo la kuweka mlinzi wa moto lilitoka hapo, na kila mtu alilikubali kwa sababu ya nani aliyelitoa. Ningelitoa mimi, mafundi wangesema nawapendelea wapigaji.

Na usisahau utani. Huku kwetu mtani anaruhusiwa kusema yale ambayo akiyasema mwingine ni matusi. Kama miongoni mwa walimu yupo mtani wa wengi, mwalike. Atamwambia fundi mitambo kwamba amekunja uso kama spika iliyonyeshewa, na kicheko kitafungua mlango ambao hotuba ya nidhamu isingeufungua. Ila utani una mipaka yake: kama neno lililoanzisha ugomvi lilikuwa la kumdharau mtu kwa kabila lake au kwao, usilifunike kwa utani. Litaje, liombewe radhi, ndipo mcheke.

Kudumu. Kwa ugomvi wa heshima, hii ndiyo njia iliyodumu kuliko zote nilizojaribu. Nimewahi kuona kundi likimaliza mwaka mzima bila neno. Kwa ugomvi wa kitu inadumu mpaka zoezi linalofuata, kwa sababu kupeana mikono hakuongezi soketi ukutani.

Mzigo. Si wa mwili, ni wa moyo. Utasikia mambo yako mwenyewe humo. Mimi nilisikia kwamba kwenye risala ya mahafali, niliyoihariri mimi, klabu ilishukuriwa kwa majina na hakuna fundi hata mmoja aliyetajwa.

Inamfaa nani. Kundi litakaloendelea kuwa pamoja, lenye wiki kadhaa mbele yake, na lenye mtu wa kati anayekubalika. Kama mtu huyo hayupo, usijaribu.

Njia ya tatu: karatasi na chaki

Hapa hungoji ugomvi. Wiki moja au mbili kabla ya onyesho mnazunguka ukumbini pamoja, wakuu wa mafundi na wakuu wa wapigaji, na kila kinachoweza kugombaniwa mnakipa mahali, saa na mwenyewe. Mahali mnapachora kwa chaki sakafuni. Saa na wenyewe mnawaandika kwenye karatasi moja inayobandikwa mlango wa nyuma.

Karatasi yetu ya mwaka mmoja ilikuwa na mistari saba tu. Moto: hatua thelathini kutoka bwaloni, upande ambao upepo unatoka bwaloni kwenda nje, ndoo mbili za mchanga, mlinzi mmoja. Ngoma: anayezipeleka ukumbini ni kijana mmoja mwepesi, anaondoka motoni mshereheshaji akianza kumshukuru mgeni rasmi. Umeme: soketi ya kushoto ya taa, ya kulia ya vyombo na spika, birika la chai liende ofisini. Kujaribu sauti: vyombo saa nane, kwaya saa nane na nusu, saa tisa maiki hazisogezwi tena. Maiki zisielekee spika, spika zikae mbele ya waimbaji, la sivyo mluzi ule wa kupasua masikio hauna wa kumlaumu. Mlango wa kulia kuingia, wa kushoto kutoka. Ishara: filimbi ni ya ngoma peke yake, pazia linafuata tochi, mweko mmoja fungua, mitatu funga.

Huo mstari wa mwisho niliulipia, kama mnavyojua. Baadaye nikajifunza kwamba sikuwa wa kwanza. Katika kumbi za kale za Ulaya ni mwiko kupiga mluzi nyuma ya jukwaa, na husimuliwa kwamba sababu ni mabaharia: hao ndio waliokuwa wakiajiriwa kuvuta kamba za mandhari, na kama melini waliambizana kwa miluzi. Msanii akijipigia wimbo wake kwa mluzi, mtu juu anadhani ni ishara, anaachia gunia la mchanga. Iwe kweli au hadithi, mtu wa Mikindani, pwani ya hapa Mtwara, aliyeona nahodha na mabaharia wakivuta tanga hahitaji kuelezwa mara mbili.

Muda. Mchana mmoja wa kuzunguka, na nusu saa ya kukumbushana siku ya zoezi la mwisho. Siku yenyewe hauchukui kitu.

Kusikika. Wanasikika wakuu wa pande mbili. Wadogo wanasikika kama wakuu wao waliwauliza, na kwa kawaida hawawaulizi. Dawa yake ni kuiacha rasimu ukutani siku mbili na kalamu imefungwa kwa uzi. Mstari wa mlango wa kutokea uliongezwa hivyo, na mtu ambaye mpaka leo simjui.

Kudumu. Kwa kitu, onyesho hadi onyesho, na karatasi ya mwaka jana inakuwa mwanzo wa ya mwaka huu. Kwa heshima haifanyi kitu. Nimeona watu wakitii kila mstari huku hawasalimiani. Zaidi, karatasi inaweza kugeuka silaha: "Imeandikwa saa nane na nusu, sasa ni saa nane na dakika thelathini na tatu, ondokeni." Mwenye chuki akipata sheria anapata fimbo.

Mzigo. Ni mkubwa mwanzoni, kisha unapungua kabisa. Lazima uujue ukumbi: soketi ngapi zinafanya kazi kweli, mita ya umeme ya LUKU ina uniti ngapi, jenereta iko au haiko, na upepo unatoka wapi saa kumi jioni, maana wa asubuhi si huo.

Inamfaa nani. Shule yenye maonyesho yanayojirudia katika ukumbi uleule, na mlezi anayehamishwahamishwa, kwa sababu yeye akiondoka karatasi inabaki. Haifai kupewa kikundi cha wazee kilichoalikwa kutoka kijijini. Hao utakaa nao, utawaonyesha mahali pa moto kwa mkono, utawauliza kama panafaa. Kumkabidhi mzee karatasi ya masharti mlangoni ni utovu wa adabu, hata kama kila mstari ni wa haki.

Njia ya nne: kubadilishana kazi zoezi moja

Fundi ashike ngoma, mpigaji avute pazia, mfanye nusu ya onyesho hivyo hivyo, mcheke, kisha kila mtu arudi kwake.

Muda. Zoezi moja, na zoezi hilo kwa upande wa sanaa limepotea. Lihesabu hivyo.

Kusikika. Hakuna anayesema, lakini kila mtu anajua. Mpiga gita aliyekaa gizani dakika kumi na tano akingoja mweko mmoja wa tochi, bila kukohoa, hatasema tena kwamba kazi ile ni ya mlinzi wa geti.

Kudumu. Kunashangaza kwa heshima, hakuna kitu kwa soketi.

Mzigo. Mdogo, ila una mambo mawili ya kuangalia. Umeme haubadilishanwi: taa, miksa na ekstensheni vibaki kwa waliofundishwa. Na kama mna mapiko, ngoma ya wachezaji wa vinyago, vinyago visiingizwe kwenye mchezo huu. Kwa Wamakonde lipiko, yaani mchezaji huyo wa kinyago, ana mila yake iliyoshikana na jando na unyago, na aliyemo ndani ya kinyago hatangazwi. Ukimwambia fundi yeyote akivae "aonje tu," unaweza kumaliza ugomvi wa watoto ukaanzisha wa wazazi. Hata bila kubadilishana, kubalianeni mapema nani anaruhusiwa kuwepo lipiko akivalishwa.

Inamfaa nani. Kundi changa, la kidato cha kwanza na cha pili, ambao dharau yao bado ni ya kutojua. Kwa wakubwa waliokwisha kutukanana inaonekana mzaha, nao watakufanyia mzaha.

Basi uchague ipi?

Kama pazia linafunguliwa leo, amua mwenyewe au mpe msimamizi wa jukwaa aamue, halafu usijidanganye kwamba umemaliza. Andika mahali kwamba kuna kikao cha kufanya.

Kama una wiki mbili na ulipouliza lile swali langu walisema hapana, usipoteze jioni ya watu kwa kikao. Chukua chaki.

Kama una wiki mbili na walikaa kimya, anza na kikao, na karatasi ije siku nyingine baada yake. Nimewahi kuvipindua: nikaanza na karatasi, na kikao kizima kikaenda kwenye kubishana juu ya mstari wa nne. Na kabla ya vyote, zungumza na mshereheshaji na mpishi. Majina ya mafundi yasomwe jukwaani, na pilau yao itengwe mapema na kufunikwa. Si njia ya tano hii, lakini kuna mwaka ilinitosha peke yake.

Kama ugomvi ni uleule kwa mara ya tatu, acha kutafuta mkorofi na tafuta kitu. Sisi tuliwahi kumsimamisha kijana mmoja klabuni kwa ukali, na mwezi uliofuata aliyechukua nafasi yake akawa mkali vilevile. Tatizo lilikuwa mlango mmoja mwembamba uliopitisha meza na ngoma kwa wakati mmoja.

Kama mlezi ni mmoja wa wanaolalamikiwa, na yule binti wa maiki alinifundisha kwamba hilo hutokea, njia ya kwanza imefungwa kwako. Omba mwenzako akuamulie, na wewe ukae upande wa walalamikiwa ukisikiliza.

Kama shule ni ya bweni, mna usiku; kikao kinaweza kupumua, hata kikarudiwa kesho yake. Lakini wanalala bweni moja, kwa hiyo neno lililoachwa nusu litakwenda nao kitandani. Kwa shule ya kutwa, gawanya: leo mafundi peke yao, kesho wapigaji, keshokutwa wawakilishi watatu watatu.

Ukipata nafasi ya kulipeleka kundi lako kwenye tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, lile la ngoma za Makonde, Makua na Yao, waketishe mafundi na wapigaji pamoja na uwape kazi moja: watazame kikundi kinavyoingia na kinavyotoka, si kinavyocheza. Njiani kurudi hawataacha kubishana, lakini watabishana kuhusu wengine.

Na kama uko katikati ya onyesho, pazia limekwisha kufungwa kimakosa, wachezaji wawili wako nje na kumi wako ndani, na kila mtu nyuma anamtafuta wa kumlaumu: ngoma zisinyamaze. Mwoneshe aliyeshika kamba mweko mmoja wa tochi. Mgeni rasmi atapiga makofi mara ya pili.